Nusu ya Sentensi ya Hilaria

Habari ile ilinifikia nikiwa na kisu mkononi, na hapo ndipo hasara ilipoanzia. Tulikuwa wanawake wachache tumelizunguka lundo la vitunguu saumu uwanjani kwangu, Bashay, tunakata mikia na mizizi kabla ya kuvipeleka sokoni Mbulu. Kazi ile haihitaji macho. Vidole vinaijua vyenyewe, na midomo hubaki haina la kufanya. Ndipo jirani yangu Kornelia, ambaye hajawahi kubeba neno likamlemea, akasema bila kuinua kichwa:

“Mama Hilaria, huyo mwanao wanamfundisha nini kule mjini?”

“Kiingereza,” nikamjibu. “Jumatatu anakwenda kwenye usaili, kambi ya wageni ya Yaeda Chini. Wanataka mtu wa kuwatafsiria wageni wao.”

“Mimi nimesikia wanamfundisha kukuua.”

Wenzetu wakacheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja kuona kama kweli kuna cha kuchekea. Kornelia akaeleza. Kijana wake Tito, mwendesha bodaboda, alikuwa ameegesha pikipiki nje ya duka la mzee Musa akingoja abiria. Darasa liko kwenye stoo ya duka hilo, na dirisha lake limetazama barabara. Akamsikia Hilaria wangu, kwa sauti yake ileile ya kwaya, anasema kwa Kiingereza kwamba ikiwa mama yake angekufa. Darasa zima likamrudia, likaambiwa lirudie tena.

“Tito alifika kidato cha pili,” Kornelia akaongeza. “Kiingereza cha msiba anakielewa.”

“Halafu akasemaje? Ikiwa mimi ningekufa, yeye angefanyaje?”

“Hiyo ya mbele Tito hakuniambia. Lakini mtu si anajaza mwenyewe? Mama akiondoka, mtoto yuko huru. Shamba linauzwa, yeye huyo, ameteremka na wageni wake.”

Kisu kikateleza. Kidonda kikiingia maji ya kitunguu saumu huuma mara mbili, kwanza kama kidonda, kisha kama adhabu. Nikafunga kidole kwa pindo la kanga, nikaendelea kukata, kwa sababu mwanamke anayeinuka katikati ya lundo huacha nyuma yake habari kubwa kuliko ile iliyomwinua.

Lisemwalo lipo, husema watu. Kama halipo, linakuja. Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa baya zaidi.

Mimi elimu yangu iliishia darasa la saba, nami nawaandikia kina mama wenzangu ambao watoto wao wamepita pale tulipoishia. Inawezekana mama wa mbali akaniona mwoga wa maneno. Lakini kwetu neno “ikiwa” si la kuchezea. Zamani za bibi yangu, mtu aliyeibiwa ng’ombe hakumtaja mwizi. Alisimama mahali pa wazi, akasema: ikiwa ni fulani aliyemchukua, basi tumbo la fulani na lijue. Akarudi nyumbani, akalala usingizi wake. Neno ndilo lililobaki kutembea. Bibi alituambia kwamba apizo halina macho, lina pua. Hufuata harufu ya jina. Na dawa yake ni moja tu. Aliyelisema na aliyesemewa husimama mlangoni, majani mabichi chini ya nyayo zao, wakanywa maziwa kutoka kibuyu kimoja, na neno likapoa. Padri wetu anajua kwamba bado tunafanya hivyo. Hajawahi kutuuliza, nasi hatujawahi kumlazimisha aulize.

Kibuyu hichohicho ndicho tunachomtolea mtoto anayeondoka nyumbani. Anakunywa mlangoni, mama anamsemea maneno ya njia, naye anakanyaga majani na kwenda zake. Maziwa yanayobaki hayanywewi wala hayamwagwi. Kibuyu hutundikwa ukutani hadi aliyeondoka atume neno kwamba amefika salama. Mtoto asiye na kibuyu ukutani kwao ameondoka kama mbuzi aliyekata kamba. Na maziwa ya safari hayatolewi pakiwa na neno la moto kati ya mama na mwana. Maziwa ya hivyo, alisema bibi, hugeukia njiani.

Kwa hiyo pale kwenye lundo sikuwa nimeletewa umbea. Nilikuwa nimenyang’anywa maziwa ya mwanangu.

Hilaria alikuwa ameanza Kiingereza chake tangu mavuno ya maharage, na hapo mwanzo nilikipenda. Alimsemesha ng’ombe wetu wakati wa kukamua, sentensi baada ya sentensi, na ng’ombe kwa adabu zake akatoa maziwa yaleyale aliyokuwa akitupa kwa Kiiraqw. Nilikuwa nikisimama nyuma ya ukuta wa zizi nikisikiliza, si kwa kuelewa, bali kama mtu anavyosikiliza mvua ikinyesha kwa jirani. Nikajisemea kwamba yule ndiye mtoto niliyembeba mgongoni nikipalilia, aliyekuwa akishindwa kutamka jina la baba yake.

Baada ya habari ya Kornelia nilisimama palepale nyuma ya ukuta, lakini sikusikia mvua tena. Kila sauti iliyopanda nikaiona ni ya kifo changu. Kifua kikaanza kubana. Nikipanda kilima cha kwenda kisimani napumzika mara mbili, nami nilizoea kupanda bila kupumzika. Nikajua kwamba neno limeshanipata, limenusa.

Nikamwambia mume wangu, Bura, tulipokuwa tunafukia viazi jikoni. Bura ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyachagua kwa ubishi.

“Amekuapiza kwa lugha gani?” akauliza.

“Kwa Kiingereza.”

“Basi bado lina safari. Likifika njia panda ya Bashay litamuuliza nani? Hapa hakuna anayekijua, isipokuwa Tito, na yeye atalitoza nauli.”

“Nakueleza jambo la moyo wangu, Baba Hilaria.”

Akageuza kiazi kwa kijiti, akangoja majivu yatulie. “Muulize mtoto,” akasema.

“Nikimuuliza akakubali?”

Akanipa kiazi kilichoiva vizuri kuliko vyote, na ndivyo anavyojibu asipokuwa na jibu.

Ukweli ni kwamba usaili ule haukunipendeza hata kabla ya habari ya lundo. Yaeda Chini ni mbali kwa namna ambayo haipimwi kwa maili. Unateremka ukuta wa mlima, barabara ni mawe na mashimo, na kule bondeni ni joto, wafugaji na ng’ombe wao, na wale wawindaji wanaolijua pori kama mimi ninavyolijua jiko langu. Sina neno nao, ni watu wa Mungu. Lakini mwanangu ni wa baridi na ukungu, na kazi ya kukaa na wageni haina ukuta. Nilikuwa nimemwambia yote. Nilimwambia akipanda bodaboda ya Tito atavunjika mguu. Akinywa maji ya bondeni ataugua tumbo. Akicheka sana na wageni watamwona mwepesi, asipocheka watamwona mjinga. Nilimwambia asubuhi akifunga viatu, nikamwambia jioni akivua. Na kila alipokanyaga kizingiti, jua au mawingu, sauti yangu ilimfuata: “Hilaria, vaa sweta, kuna baridi.” Alikuwa ananijibu, “Nimeshavaa, mama,” hata kabla sijamaliza, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Siku ya Ijumaa alinikuta nasafisha mchele. Akachuchumaa mbele yangu, akaanza kuchagua mawe upande wake wa ungo, kama alivyofanya tangu ana meno ya maziwa.

“Mama, Jumatatu utanitolea maziwa?”

“Ng’ombe amepunguza.”

“Nimemkamua mimi asubuhi, mama. Hajapunguza.”

“Basi kibuyu kimepasuka.”

Akainua macho kuutazama ukuta. Msumari ulikuwa peke yake. Kibuyu nilikuwa nimekichukua siku ileile ya lundo, nikakizika ndani ya pipa la mahindi.

“Kiko wapi hicho kilichopasuka?”

“Kuna baridi leo,” nikasema. “Umevaa sweta?”

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe ambayo hayakuwepo tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, si ya hasira, na ingekuwa ya hasira ningejua pa kushika: “Bila maziwa siendi, mama. Unajua siwezi kwenda.”

Hapo nikapatwa na furaha ambayo sikuipenda. Ilikuwa kama kuokota kitu njiani na kujua ni cha nani. Njia nzima ya mwanangu, toka kizingiti changu mpaka bondeni na kokote kuliko mbele ya bonde, ilikuwa imelala ndani ya pipa la mahindi, nami peke yangu nilijua. Nisingehitaji kumkataza kitu. Ningenyamaza tu. Nikaupepeta mchele uliokuwa umeshakuwa safi.

Lakini furaha isiyopendwa hailali na mtu. Jumamosi nilipeleka vitunguu Mbulu, nikaviuza kwa bei ya kwanza niliyotajiwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe, nikaenda moja kwa moja kwenye duka la mzee Musa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Sukari?”

“Darasa.”

Hakushangaa. Akanionyesha kwa kidevu. “Pita kati ya mchele na sabuni. Ukimkuta Hamis amekalia unga wangu, mwinue.”

Stoo ilikuwa na harufu ya sabuni za miche na magunia mapya. Ubao mweusi uliegemezwa kwenye marobota ya ngano, na mbele yake alisimama Samira, binti wa mzee Musa, aliyesomea ualimu na bado anangoja ajira ya serikali. Wanafunzi walikaa juu ya chochote kilichokubali kukaliwa. Hamis, mdogo wake Samira, alikuwa kweli amekalia unga. Mzee Renatus, dereva mstaafu ninayemfahamu kanisani, alikuwa kwenye kiti pekee, kofia gotini. Anajifunza ili aweze kuongea kwenye simu na mjukuu wake aliyezaliwa nchi ya watu. Na Hilaria wangu alikuwa dirishani, juu ya kreti la soda. Aliponiona, alikaa kama mtu aliyeambiwa apigwe picha.

Nikamwamkia mzee Renatus. Samira akaniamkia mimi, akanipa gunia la mchele la kukalia, na bila kuniuliza kilichonileta akaendelea na somo, ila sasa alichanganya Kiswahili ili nisibaki nje.

“Kiingereza kinapanga ‘ikiwa’ kwenye rafu, mama,” akasema, “kama baba anavyopanga duka. Rafu ya chini ni ya mambo ya kila siku. Ukiyaacha maziwa motoni bila kuyatazama, yanafurika. Hayo hayana ubishi. Rafu ya pili ni ya yale yanayoweza kutokea. Mvua ikinyesha Jumatatu, magari hayatateremka Yaeda. Ya tatu ni ya mambo ambayo hayapo, mtu anayawaza tu. Hamis, tupe yako.”

Hamis akasema yake kwa Kiingereza, akaitafsiri akinitazama: “Kama baba angenipa hili duka, ningelipaka rangi ya bluu, na Ijumaa ningefungua saa nane.”

“Nimesikia,” ikaja sauti ya mzee Musa kutoka mbele. “Na kwenye unga shuka.”

Wakacheka. Samira akasema kuna rafu moja zaidi, ya juu kabisa, ambayo mkono haufiki: mambo yaliyokwisha kupita. Akamtazama mzee Renatus. Mzee akajikohoza, akasimama, ijapokuwa hakuna aliyemwambia asimame, akasema maneno yake ya Kiingereza moja moja, kama mtu anayeshusha vyombo vya udongo kutoka kwenye gari. Halafu akasema kwa Kiswahili:

“Ningalijua kwamba mke wangu ataondoka asubuhi ile, nisingaligombana naye juu ya chumvi.”

Akakaa. “Nimepata, mwalimu?”

“Umepata, mzee.”

Akavua miwani, akaifuta kwa kofia, na hakuna aliyemtazama, kwa heshima. Marehemu mke wake nilimfahamu. Tuliketi benchi moja kanisani, naye alikuwa mtu wa kujaza chumvi kweli. Sikuwahi kumsikia mzee huyu akimtaja tangu tumzike. Nikawaza: kumbe mtu anaweza kukaa na jambo nyumbani kwake miaka yote lisipate mlango, akaja kulitolea kwenye stoo ya unga, kwa lugha ya kuazima.

Lakini sikuwa nimekuja kulia msiba wa mwenzangu. Nikasimama.

“Mwalimu, nisamehe. Sikuja kununua wala kusoma. Nimekuja kusikia lile neno ambalo mwanangu alilisema juu ya kifo changu, watu wakalirudia.”

Nikasikia mizani ya mzee Musa ikitulia kule mbele. Hilaria akafumba macho. Samira hakukasirika, wala hakucheka. Alifuta chaki mikononi taratibu kama mtu anayenawa kabla ya kupokea mtoto.

“Lilitoka kwangu, mama,” akasema. “Niliwaambia kila mmoja aweke kwenye rafu ya tatu jambo analoliogopa kuliko yote. Nilidhani likikaa kule juu, kati ya yale ambayo hayapo, halitamfikia mtu. Sikujua kwamba linaweza kutoka dirishani.” Kisha akamgeukia. “Hilaria, mpe mama yako sentensi yake. Yote.”

Mwanangu akasimama. Alisema kwanza kwa Kiingereza, na humo ndani nilitambua neno moja tu, lile la kuniita mimi, kwa sababu nimemsikia akimwambia ng’ombe. Halafu akanitazama.

“Kama mama yangu angekufa,” akasema, na sauti ya kwaya ikapotea, ikabaki ya mtoto, “nisingejua kama nje kuna baridi.”

Nikangoja.

“Ndiyo yote?”

“Ndiyo yote, mama.”

“Tito hakusema hivyo.”

“Tito alipata abiria, mama. Alipiga teke pikipiki nikiwa katikati.”

Mzee Renatus akakohoa ndani ya kofia yake. Mimi nikarudi kukaa juu ya mchele. Niliitafuta hasira niliyotoka nayo Bashay, nikakuta nimeshika kidole changu chenye kidonda, nakibonyeza kama mtu anayepima kama bado kinauma.

Samira, nadhani kwa huruma, ili watu wapate pa kutazama, akasema: “Mama Hilaria, nawe tupe moja. Ya rafu yoyote.”

Nilitaka kusema jambo zuri. Naapa nililitafuta. Nikafungua mdomo, na lililotoka lilikuwa: “Akipanda bodaboda ya Tito, atavunjika mguu.”

Samira akaliandika kwa Kiingereza. “Nyingine?”

“Akinywa maji ya bondeni, ataugua.” Akaandika. “Akichelewa njiani, fisi hawaulizi jina.” Akaandika. “Akiwazoea wageni, watamchoka. Akiwazoea watu wa kule, atatusahau. Akienda—” Yalikuwa yanamwagika kama maharage kwenye gunia lililotoboka, na kila nililolizuia lilipitisha mengine mawili.

“Mwalimu,” mzee Renatus akasema, “huyu ataumaliza ubao, na mimi bado sijanakili.”

Watu wakacheka, hata Hilaria, nami nikacheka nao kwa sababu kicheko kilikuwa kizuri. Lakini nilikuwa nautazama ubao. Maneno yangu yote yalisimama pale kwa chaki nyeupe, mstari chini ya mstari, kwa lugha nisiyoweza kuisoma, na kwa kuwa sikuweza kuyasoma niliyaona kwa mara ya kwanza. Hayakuonekana kama mapenzi. Yalionekana kama mtu aliyesimama mahali pa wazi, kila asubuhi na kila jioni, akisema ikiwa huyu, basi na iwe hivi. Na jina lililonuswa katika kila mstari lilikuwa la mwanangu.

“Nimeyaweka rafu ya pili, mama,” Samira akasema. “Yale yanayoweza kutokea. Ni sawa?”

Nilimwomba tu, kama haitamsumbua, ayafute yeye mwenyewe, kabla darasa halijarudia.

Tulirudi Bashay kwa gari lililokuwa limeshusha vitunguu, tumekaa nyuma juu ya magunia matupu, migongo yetu imeegemeana kuzuia upepo. Hilaria alikuwa amevaa sweta. Sikumwambia.

“Hata hivyo lile neno lazima lipozwe,” nikasema tulipolipita soko la ng’ombe. “Limeshasemwa.”

“Nililisema mimi, nitalipoza.”

“Na yangu?”

“Yapi, mama?”

“Yale ya ubaoni.”

Nikausikia mgongo wake ukitikisika. Alikuwa anacheka, au kitu kinachofanana na kucheka. “Yako ni mengi, mama. Maziwa hayatatosha.”

“Ng’ombe ameongeza,” nikasema.

Jumatatu ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye ua. Nilikifukua kibuyu kutoka kwenye pipa la mahindi. Bura aliniona nikikipangusa vumbi la unga, akakitazama, akanitazama.

“Kilikwenda kusaga?” akauliza.

“Baba Hilaria, leta majani.”

Akaleta majani mabichi, mengi kuliko yanayohitajika, akayatandaza kwenye kizingiti kama anamlalisha ndama. Tukasimama juu yake, mimi na mwanangu, tukanywa kwa zamu. Yeye kwa neno lake moja, mimi kwa yangu yote, na nilimeza polepole ili kila moja lipate funda lake. Kisha ikabaki kazi ya mama, kumsemea anayeondoka maneno ya njia.

Nje ya ua Tito alikuwa ameshawasha pikipiki. Angemfikisha Mbulu, na pale gari la kambi lingewachukua walioitwa. Nikamshika Hilaria mabega. Ulimi wangu ulivuta kule ulikozoea, kama maksai anayejua mfereji wake wa jana, nami nikaugeuza kwa nguvu.

“Ukiteremka,” nikasema, “utafika. Ukiulizwa, utajibu. Ukiona kiu, utapewa maji. Ukicheka, watacheka nawe.” Nikapumua. “Ukichoka, njia ya nyumbani unaijua.”

Bura akaitikia, na Tito kule nje, bila kuelewa anaitikia nini, naye akaitikia.

Hilaria akachukua begi lake, akakanyaga majani, akavuka. Hatua chache mbele akasimama, akageuka. Alikuwa na sweta mkononi.

“Mama,” akasema, “nje kuna baridi?”

Yaeda Chini ni joto. Yeye anajua, na mimi ninajua. Nikatoa mkono nje ya mlango, nikaushika ule ukungu kama mtu anayepima kitambaa.

“Mpaka kwenye mteremko ipo,” nikamwambia. “Ukifika chini, vua.”

Akalivaa, akafunga vifungo vyote mbele yangu. Tito alipoiondoa pikipiki niliuma ulimi, nikawa nasema moyoni, polepole Tito, polepole, mpaka mlio ukaisha. Nikakitundika kibuyu kwenye msumari wake.

Kule bondeni mtandao wa simu ni wa kupandia kilima, na kilima chenyewe lazima mtu awe na nafasi ya kukipanda. Kwa hiyo nimeketi nimeandika, kwa ajili ya kina mama wenzangu wenye watoto wanaojifunza kusema mambo ambayo hayapo. Mambo ya kujiepusha nayo ni haya:

Usisikilize habari za mwanao ukiwa na kisu.

Usipokee sentensi kutoka kwa mtu aliyekuwa anangoja abiria. Usiijaze mwenyewe.

Usimbane mtoto kuhusu maneno anayomwambia ng’ombe. Ng’ombe hana haraka. Ndiyo maana anaambiwa.

Usizike kibuyu kwenye mahindi. Vumbi lake halitoki shingoni, na mumeo atalitaja mpaka Krismasi.

Usiuze vitunguu saumu kwa bei ya kwanza, hata moyo ukiwaka.

Usimwambie anayeondoka “utaanguka”. Kama lazima uliseme, mwambie aliyeshika usukani, tena kwa upole.

Usimkataze kuvaa sweta la joto kwenda mahali pa joto.

Usipande kilima chako kila saa kutazama kama simu imeshika mtandao. Mtandao unaokosekana ni wa upande wake.

Usinywe maziwa yaliyobaki kibuyuni, wala usimruhusu mtu ayamwage akisema yameharibika. Yangu yapo pale ukutani. Jana nilitikisa kibuyu kidogo tu, nikasikia yameshaganda.